Sinema ya Mgongoni

Baba aliinunua kwa fundi mmoja wa Yorkton:
kisanduku cheusi, kizito kuliko kilivyoonekana,
ndani yake diski yenye sinema mia na arobaini,
na waya tatu zikining'inia, nyekundu, nyeupe, njano,
mithili ya utumbo wa ndege asiyejulikana.
Maelezo yalikuwa kwa lugha nne.
Kiukraini hakikuwamo.
"Basi," alisema, "tutaisoma kwa mikono."

Nje baridi, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari limechomekwa umeme ukutani kama birika
injini isigande.
Baba kalala chali chini ya dashibodi,
buti zimetokeza mlangoni, kurunzi ameing'ata,
anatafuta njia ya kupitisha waya chini ya zulia,
penye nywele za mbwa na senti zilizopotea.
Mimi mshika bisibisi.
Bohdan, mdogo wangu, mshika lawama.

"Njano ni picha," nilisoma kwenye mchoro.
"Nyano ni hicha," akaitikia na kurunzi yake mdomoni,
na hadi leo kwetu
televisheni huitwa hicha.

Fyuzi ya kwanza iliungua, ikaondoka na redio.
Ya pili ikashika. Taa ya bluu, halafu tik,
tik,
kikohozi cha mzee, halafu kimya.
Diski imegandishwa na baridi.
Baba akaichomoa, akaitia kwapani ndani ya koti,
akaja kuketi jikoni dakika arobaini
akinywa chai kwa mkono wa kushoto.
Mama akapita na kapu la nguo, akamtazama.
"Ukishatotoa, niite."

Ikatotoka.

Toka hapo, kila Ijumaa ya pili,
kilomita mia nne na hamsini hadi Winnipeg kwa bibi Paraskeva,
vioo viwili vimefungwa migongoni mwa viti vya mbele,
sisi nyuma, macho yanang'aa,
na baba usukani, amelipa mgongo
kila alichokigharimia.

Ile ya mbweha mwizi tuliirudia mpaka ikachakaa.
Mbweha ana jicho moja, anaendesha treni
lililojaa jibini asiyoweza kuila.
Baba aliijua nzima kwa masikio:
filimbi, breki, mlango wa behewa,
alijua mahali pa kucheka, akacheka kabla yetu
theluji ikivuka barabara mbele yake
kama moshi uliosahau kupanda.

Ila pale katikati palimshinda.
"Mbona kimya? Wanafanya nini?"
"Wanatazamana," Bohdan alijibu.
"Muda wote huo?"
"Ndiyo."
Akanyamaza mpaka tukaupita mji wa Russell.
"Basi wanapendana," akasema,
akapunguza mwendo kwenye barafu.

Kisanduku sasa kimo drooni kwangu, hakiwaki,
nimejaribu hata kwapa.
Bibi alizikwa masika moja yenye matope.
Bohdan anauza matrekta, hana wakati na mbweha.

Jana baba alikuja na magoti yake mapya.
Mwanangu Levko akamwekea sinema ileile
kwenye hicha kubwa ya sebuleni.
Baba akatazama dakika mbili, akakunja uso.
"Huyu siye. Yule alikuwa mnene, rangi ya majivu,
kofia yake ya reli imeliwa na nondo upande mmoja.
Huyu mwembamba hivi ameletwa na nani?"

Akakigeuza kiti, akaipa picha mgongo,
uso dirishani, kwenye uga mweupe na gari la jirani,
mikono miwili imeinuka kidogo juu ya mapaja,
imeshika kitu cha mviringo.
"Endeleeni," akasema.

Ilipofika pale pa kimya
Levko alifungua mdomo amweleze.
Nikamgusa bega.
Baba alikuwa anapunguza mwendo.